Msafiri wa Peke Yake Anahitaji Mwenyeji Kuliko Mwenzi

Likizo ya Agosti inakaribia, na matangazo ya utalii yanayotufikia kwenye simu hapa Nairobi yamebadilika sura. Miaka michache iliyopita yaliuza fungate, safari za familia na mapumziko ya wafanyakazi. Sasa yanauza safari za "wanaosafiri peke yao". Watu ishirini au thelathini wasiojuana hutuma pesa kwa M-Pesa, hukutana Syokimau asubuhi na mapema, hupanda treni hadi Mombasa, na kutoka hapo hupelekwa Diani, Watamu au Lamu chini ya kiongozi mmoja mwenye orodha ya majina. Wengine huruka hadi Zanzibar. Wapo wanaoona hilo kuwa ukombozi: hatimaye kijana, hasa msichana, anaweza kwenda baharini bila kungoja mume, mchumba au marafiki ambao kila mwaka huahidi na kila mwaka hughairi. Wapo wanaoliona kuwa dalili ya jamii inayovunjika, ya watu waliochokana hadi hata mapumziko kila mmoja anayatafuta kivyake. Nimeufuata mjadala huu kwa makini, kwa sababu nimesafiri peke yangu mara kadhaa, na kwa sababu nina wadogo zangu wa kike wanaotaka kufanya hivyo. Naona pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo ambalo si kweli. Zote zinadhani kwamba swali kubwa ni kama msafiri ana mwenzi au hana.

Hoja yangu ni kwamba kisiwani mtu halindwi na mwenzi aliyetoka naye Nairobi. Hulindwa na mwenyeji: mtu wa pale, anayejulikana pale, ambaye amekubali mbele ya majirani zake kwamba mgeni huyu ni wake. Aliye na mwenyeji anaweza kwenda peke yake na akalala usingizi. Asiye na mwenyeji anaweza kwenda na watu thelathini na bado akawa mkiwa siku mambo yakiharibika. Tukilianzia hapo, mengi tunayobishania, kuanzia bei za vyumba hadi hofu za wazazi, tutayaona kwa jicho jingine.

Kwanza tuelewe safari hizi zimetoka wapi, maana hazikuzuka kwa sababu vijana wameharibika. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria Juni 2017, iliweka Mombasa umbali wa saa tano au sita kutoka Nairobi, mchana, kwenye kiti chenye namba. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa muda mrefu, kisha Januari 2024 ikapanda hadi 1,500. Hata baada ya kupanda, jambo moja halikubadilika: treni humuuzia mtu mmoja kiti kimoja kwa bei ile ile anayolipa aliyekuja na watu kumi. Kabla ya hapo wengi tulitegemea basi la usiku, ambalo mzazi hakulipenda, au ndege, ambayo wengi hawakuimudu. M-Pesa nayo, tangu 2007, ilimwondolea msafiri mzigo wa kubeba noti kifuani. Mtu alipoweza kulipia kiti, chumba na boti akiwa kitandani kwake Umoja au Kasarani, sababu nyingi za kungojana ziliisha. Kilichokuwa kikituweka pamoja safarini, kwa sehemu kubwa, kilikuwa gharama na hofu ya njia. Upendo ulikuwepo, lakini haukuwa peke yake.

Hofu haikwisha, na ina msingi. Januari 2024 nchi ilishtushwa na mauaji ya wanawake vijana, baadhi yao waliouawa kwenye nyumba za kupangishwa kwa siku chache hapa Nairobi. Tarehe 27 ya mwezi huo maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine wakitaka mauaji hayo yakome. Mwishoni mwa mwaka huo polisi wenyewe walisema kwamba wanawake 97 walikuwa wameuawa kwa muda wa miezi mitatu tu. Mama anayesikia habari hizo, kisha binti yake akamwambia anakwenda kisiwani peke yake, hawezi kuambiwa kwamba hofu yake ni ushamba. Mimi mama yangu alinyamaza kwenye simu kwa muda mrefu sana, nikafikiri laini imekatika.

Lakini tukiitumia hofu hiyo kama hoja ya kumzuia binti, lazima tuitazame vizuri. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 85,000 waliuawa kwa makusudi duniani, na kati yao 51,100 waliuawa na wapenzi, waume au jamaa zao. Afrika ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu zaidi cha vifo hivyo vya mikononi mwa watu wa karibu. Sitaki kuitumia takwimu hii kupita uwezo wake. Haisemi kwamba safari ni salama. Sehemu kubwa ya maisha tunaitumia karibu na watu wetu, kwa hiyo ni kawaida mengi mema na mabaya yatokee huko. Inachosema ni kwamba kumwambia mwanamke "usiende peke yako, tafuta mtu wa kwenda naye" si ushauri wa usalama mpaka tuwe tumemjua huyo mtu. Na zile nyumba za siku chache zina sura moja ambayo hatuizungumzii vya kutosha. Nyingi mgeni huingia na kutoka bila mwenye nyumba kumwona uso. Ufunguo umewekwa kwenye kisanduku chenye namba mlangoni, maelekezo yametumwa kwa simu, mlinzi wa lango anajua namba ya nyumba tu. Pana kitanda na intaneti, lakini hapana mtu wa kushtuka usipoonekana asubuhi.

Hapo ndipo visiwa vya pwani yetu vina la kutufundisha, maana vilikuwa vikipokea wasafiri wa peke yao karne nyingi kabla ya Nairobi kuwa mji. Ibn Battuta aliondoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, bila mwenzi wala msafara. Mwaka 1331 alishuka pwani hii ya Afrika Mashariki, akapita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Aliyoyaona Mogadishu ndiyo yanayonigusa zaidi. Anasimulia kwamba jahazi likifika bandarini, vijana wa mji hulifuata kwa vyombo vidogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mmoja wa wafanyabiashara na kutamka kwamba huyu ni mgeni wake. Kuanzia hapo mfanyabiashara yule hulala nyumbani kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayesimamia hata biashara yake. Utaratibu huo ulikuwa na faida kwa mwenyeji, bila shaka, lakini ulikuwa pia mfumo wa ulinzi. Mgeni alikuwa na jina la mtu wa pale juu yake. Aliyemwibia mgeni alikuwa amemwibia mwenyeji, na mwenyeji alikuwa na ndugu, majirani na mahali pa kushtaki.

Nyumba za mawe za Lamu zinasema hivyo hivyo kwa lugha ya ujenzi. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na watu huenda kupiga picha milango iliyonakshiwa. Wachache huuliza kuhusu sabule. Hicho ni chumba cha mgeni, kilichowekwa mahali ambapo mgeni angeweza kuingia na kutoka bila kupita kwenye vyumba vya ndani vya akina mama. Mfanyabiashara aliletwa na kaskazi kati ya Desemba na Machi, naye hakuweza kurudi mpaka upepo ugeuke na kusi ianze kumsukuma kaskazini. Alikaa wiki, pengine miezi. Kwa hiyo watu wa kisiwani walilifikiria swali letu la leo, la namna ya kumpokea mtu mmoja mgeni bila yeye kudhurika na bila nyumba kuvurugika, na jibu lao wakaliweka ndani ya kuta. Nje waliweka baraza, viti vya mawe pande mbili za mlango, ambapo mgeni hukaribishwa, hupimwa na hujulikana kabla hajaingia.

Nilikuja kuelewa hayo kwa miguu yangu. Mara ya kwanza nilipokwenda Lamu, nilipata chumba mtaa wa Langoni kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama wa makamo niliyeelekezwa na mtu aliyesoma kwake. Mvulana aliyenipokea gatini alitangulia na mkoba wangu kwenye vichochoro, tukipishana na punda. Mara tatu alisimamishwa na wazee waliokaa barazani, na mara zote tatu swali lilikuwa moja: "Mgeni wa nani?" Akajibu, "Wa mwalimu." Wakatikisa kichwa, wakaendelea na kahawa yao. Hakuna aliyeniuliza jina langu. Siku ya pili nilitembea hadi Shela, nikakaa sana, na wakati wa kurudi nikakuta maji yamejaa na njia ya kando ya bahari imefunikwa. Nahodha mmoja ambaye sikuwahi kusema naye alinipungia mkono kutoka kwenye mashua yake akauliza, "Wewe ndiwe mgeni wa mwalimu?" Akanivusha pamoja na wanawake wawili waliotoka kazini. Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi na mwalimu alikuwa amekaa kwenye daka, ukumbi mdogo wa mlangoni, karibu naye sahani ya viazi karai iliyofunikwa kwa sahani nyingine. "Maji yalijaa saa kumi na moja, mwanangu," akasema. "Nikajua umekwama, sikupika wali mapema."

Sasa linganisha na lile kundi la watu thelathini kutoka Nairobi. Kiongozi wao naye ni wa Nairobi. Ana namba za hoteli, ya dereva na ya mwenye boti, na huenda ni kijana mwaminifu kabisa. Lakini hakuna baraza hata moja ambako jina lake lina uzito. Mmoja wao akipotea saa nne usiku, au akiugua, au akishikwa mkono na mtu asiyemtaka, wenzake ni watu waliokutana juzi kwenye behewa. Wana huruma, hawana mamlaka wala ujuzi wa mahali. Kundi humpa msafiri hisia ya ulinzi na picha nzuri za kurudi nazo, na sidharau hilo; wengi hupata marafiki wa kweli humo. Ninachosema ni kwamba kampuni hizo zimechukua tatizo la kukosa mwenyeji na kulitibu kwa kuongeza wageni. Isitoshe, kundi hubeba mji wake pamoja nalo. Watu thelathini wakiteremka gatini na spika ya muziki, mji mdogo wenye misikiti mingi na vichochoro vya upana wa punda mmoja hauwezi kuwakaribisha. Unawavumilia mpaka waondoke. Mgeni mmoja hulazimika kuuliza, kusalimia, kujifunga leso anapoona wengine wamejisitiri, kula kinacholiwa.

Nije kwenye hoja ambayo naiona dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: kwamba kusafiri peke yako si utamaduni wetu, ni uzungu. Nairobi nzima inaikanusha hoja hii. Mji huu umejengwa na watu walioshuka Machakos Airport, pale stendi ya mabasi ya mashambani, wakiwa peke yao na begi moja na namba ya simu ya jamaa fulani wa Kawangware. Wachuuzi wetu wa nguo huenda Kampala na Arusha peke yao. Na tazama ukumbi wa kuondokea pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wiki yoyote: mabinti waliovaa fulana za wakala mmoja, wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani kwa miaka miwili kwa watu wasiowajua, kwenye nchi ambayo hawajui lugha yake. Familia huchanga nauli, huomba, humsindikiza. Binti huyo huyo akisema anataka siku nne Lamu, ndani ya nchi yake, kwa watu wanaozungumza Kiswahili, kikao huitwa. Kwa hiyo tunachokataa hakiwezi kuwa upweke wa safari. Tumeukubali upweke mradi mtu, na hasa mwanamke, anakwenda kuteseka au kutafutia wengine. Linalotusumbua ni yeye kwenda kupumzika kwa pesa zake na kwa matakwa yake. Tungelisema hivyo waziwazi, tungeweza angalau kujadiliana. Tukilificha nyuma ya neno utamaduni tunamdhulumu binti, na tunawadhulumu pia mababu wa pwani ambao walijenga sabule.

Wanaume nao wana shida yao, na haisemwi sana. Mwanamume wa bara akifika pwani peke yake, bila semina wala mke, huulizwa amefuata nini. Baada ya wageni kutoka Ulaya kutekwa nyara Kiwayu na Manda mwaka 2011, na baada ya mauaji ya Mpeketoni Juni 2014, upande wa bara wa Lamu, kijana asiye na maelezo kwenye kizuizi cha barabarani alikuwa mshukiwa kwanza na mgeni baadaye. Wenyeji walikuwa na haki ya kuogopa, na hoteli zao zilikaa tupu kwa misimu kadhaa. Hata hapo lililomvusha kijana lilikuwa lile lile: kutaja jina la mtu wa upande wa pili anayemngoja.

Gharama ni hoja nzito zaidi. Hoteli nyingi za pwani hutangaza bei ya mtu mmoja kwa kuchukulia kwamba chumbani watakuwa wawili. Tuseme chumba ni shilingi 12,000. Tangazo litasema 6,000. Anayekuja peke yake ataambiwa 9,000 au 10,000, na kama ni Desemba huenda akalipa zote. Kwenye hoteli moja ya pwani ya kusini mhudumu aliniuliza mwenzangu angefika saa ngapi, na niliposema nipo peke yangu aliandika upya risiti kwa bei ya juu. Usiku, mezani, akaja kuondoa sahani na uma wa upande wa pili, polepole, huku meza za jirani zikitazama. Wenye hoteli wana utetezi wa haki: chumba hufuliwa shuka mara moja, feni huzunguka ile ile, na kitanda cha pili kikikaa kitupu hakirudishi pesa. Lakini utetezi huo una nguvu Desemba kuliko Mei, wakati wa masika, vyumba vikiwa vimefungwa na wapishi wamerudishwa makwao. Tena lojingi za kawaida Mombasa, Malindi na Mokowe zimekuwa na vyumba vya singo na dabo miaka yote, kwa sababu mteja wao mkubwa ni utingo, mchuuzi, fundi wa umeme, mtu wa peke yake. Nyumba za wenyeji Lamu na Jambiani hufanya hivyo pia. Ni hoteli ya ufuoni tu iliyoamua kwamba mapumziko ni ya watu wawili, na pengine ndiyo maana tunaamini kwamba aliyekwenda mmoja amepungukiwa na kitu.

Hatari kubwa zaidi ya kisiwani, kwa maoni yangu, ndiyo tunayoitaja kidogo zaidi, nayo ni maji. Feri ya Mtongwe ilipopinduka Aprili 29, 1994, karibu kabisa na ufuo, watu 272 walikufa, na walikuwa watu wa pale pale, wanaoijua bahari. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia wakapotea. Mwenzi hakukusaidia kitu humo. Kilichohitajika ni mtu wa kusema chombo kimejaa, usipande. Tena msafiri wa Nairobi huja na kalenda ya shule. Agosti ni likizo, lakini upepo wa kusi bado unavuma na mkondo wa nje una mawimbi ambayo mashua ndogo haipendi. Hajui tofauti ya bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, na maji mafu, yanapotulia. Hajui kwamba nahodha mzuri ni yule anayekataa safari. Mwenyeji anajua, na anamjua nahodha yupi hulewa na yupi hana maboya ya kutosha. Kama serikali inataka kumlinda msafiri wa peke yake, na aianzie kwenye gati: kila chombo kiwe na idadi ya abiria iliyoandikwa ubavuni, kila abiria avae boya kabla kamba haijafunguliwa, na boti inayovunja hilo izuiwe. Ulinzi huo utamfaa zaidi mama wa Faza, kisiwani Pate, anayevuka kila wiki kuliko mtalii wa siku nne.

Ipo hoja moja dhidi yangu ambayo inanisumbua kweli. Je, kama mwenyeji mwenyewe ndiye hatari? Mgeni aliye peke yake ndani ya nyumba ya mtu yuko mikononi mwa mtu huyo. Na ufuoni wapo mabichiboi ambao wanajiita wenyeji wa kila mwanamke anayeshuka, humfuata kutoka gatini hadi mlangoni, na "dada, karibu kwetu" yao ina bei ambayo haijatajwa. Siwezi kusema hilo halipo. Limenipata, na niliharakisha hatua. Jibu langu ni kwamba mwenyeji wa kweli hajitangazi mwenyewe. Hutajwa na wengine. Mwalimu wangu wa Langoni alikuwa na mtaa mzima uliomjua na ambao ungemuuliza. Ulinzi wangu ulikuwa yeye pamoja na yale mabaraza matatu. Ndiyo maana nadhani serikali za kaunti za Lamu, Kilifi na Kwale zingefanya vyema kuziandikisha nyumba zinazolaza wageni kupitia wazee wa mtaa na vikundi vya akina mama, wanaojua nani ni nani, badala ya kuishia kwenye leseni na ada. Mwenye nyumba aonekane uso siku ya kuingia. Jina la mgeni lijulikane na angalau mtu mmoja asiye wa nyumba ile. Na kampuni za Nairobi zinazouza safari za peke yao zingeweza kumtafutia kila mteja mwenyeji wake wa pale na kumlipa mwenyeji huyo vizuri. Najua faida yao itapungua, lakini watakuwa wameuza wanachokitangaza.

Na wazazi? Swali la "unakwenda na nani" tulibadilishe liwe "unafikia kwa nani". Mama yangu, baada ya kile kimya chake kirefu, aliomba namba ya mwalimu. Walizungumza nusu saa, mama na Kiswahili chake cha Murang'a, mwalimu na Kiamu chake, wakielewana kwa juhudi. Alipokata simu alikuwa anajua mwalimu ana watoto wangapi na mguu upi unamsumbua. Hakuniuliza tena kuhusu mwenzi.

Mdogo wangu anakwenda Wasini mwisho wa mwezi huu, peke yake. Wasini ni kisiwa kidogo mkabala wa Shimoni, hakina magari, na akina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe ambayo bahari imeiacha nchi kavu. Jana usiku alimpigia simu mama atakayemlaza, nami nikiwa nimekaa kando yake hapa Umoja, simu ikiwa kwenye spika. Alimwambia siku na saa, kisha akasita kidogo kabla ya kusema kwamba atakuwa mmoja.

"Mmoja, sawa," sauti ikajibu kutoka upande wa pili. "Sasa nisikilize, mwanangu. Siku hiyo ni bamvua. Ukifika Shimoni saa tano asubuhi utakuta maji yameondoka na utashuka kwenye matope. Panda boti ya watu wa kijijini ile ya alasiri, umwambie nahodha wewe ni wangu."